Alama Moja Pungufu

Nchi hii haipo popote, na wewe unayesoma hukai humo, kwa hiyo soma ukiwa umetulia. Jina lake sitalitaja. Ukiona kilima kinachofanana na cha kwenu, au kiongozi anayekohoa kabla ya kusema uongo kama wa kwenu, basi vilima viko vingi duniani, na kikohozi humpata kila mtu.

Zamani nchi hiyo ilikuwa na mandhari ya bure. Asubuhi unafungua mlango, unaliona bonde, unafunga mlango. Mambo yaliharibika siku alipokuja mgeni wa heshima kutoka nchi rafiki. Waziri alimpandisha roshani, mgeni akatazama bonde lote mpaka mtoni, akauliza kwa upole, "Hii imesanifiwa na nani?" Waziri akamtazama Katibu Mkuu. Katibu Mkuu akamtazama dereva. Ikabidi mgeni aambiwe kwamba msanifu yuko likizo ya uzazi.

Aibu ile ndiyo iliyotuletea Sheria ya Mandhari. Ilisema kwamba kila kinachoonekana kwa macho ni mandhari, na kwamba mtu yeyote hataongeza, hatapunguza, hatapindisha wala kunyoosha mandhari asipokuwa na leseni ya usanifu wa mandhari. Wasanifu tulikuwa nao wachache, watu waliosomea kupanga bustani, miti, njia za miguu na mapito ya maji ya mvua, na siku hiyo walicheza mpaka jioni kwa furaha ya kutambuliwa. Ikaundwa Bodi ya Wasanifu wa Mandhari. Bodi ikapewa jengo, magari, na askari wake wenye sare za kijani.

Tulijifunza upesi. Mke wangu alikamatwa kwa kuanika shuka jekundu, kwa kuwa ni badiliko la mandhari bila kibali. Mbuzi wa jirani yangu alishikiliwa kwa kupogoa ua bila leseni, akalala ndani, akatoka amekonda na mwenye adabu.

Msamaha katika sheria ulikuwa mmoja tu: kaburi. Wabunge walipokuwa wakijadili walikumbuka kwamba na wao watakufa, tena pengine kabla Bodi haijakaa kikao, wakaandika kwamba kuchimba kaburi hakuhitaji leseni. Kifungu hicho kilipita bila kupingwa.

*

Mimi ni fundi wa redio, nakaa Kigugu Ng'ambo. Mbele yangu, ukivuka kijito, ndiko kulikokuwa na Kigugu Juu, mtaa uliojengwa kwenye mteremko mkali, nyumba juu ya nyumba, kiasi kwamba maji uliyooshea vyombo yalipita mlangoni kwa jirani yako kabla hujamaliza kufuta sahani. Huko aliishi Mzee Dominiki Lugome, karani mstaafu wa reli, mwenye miguu iliyovimba na ulimi mzima kabisa. Binti yake, Asteria, alikuwa msanifu wa mandhari, wa kwanza kutoka upande wetu. Siku aliyosajiliwa baba yake alichinja jogoo, na mimi nilipata paja.

Leseni yenyewe ilikuwa haidumu. Kila mwaka ilikufa, na ili ifufuke msanifu alitakiwa kuonyesha alama za mafunzo endelevu. Bodi ilisema taaluma inakua kila siku na asiyesoma ataachwa nyuma. Hapo hata mimi nilikubali, maana redio nazo hazikai kama zilivyokuwa. Mafunzo yalifanyika hotelini. Kulikuwa na alama ya kufika, alama ya kusimama Mwenyekiti anapoingia na alama ya kupiga makofi. Mada zilikuwa nzito: Nafasi ya Zulia Jekundu katika Bustani ya Kisasa. Maua Yanayofaa Kuzunguka Jiwe la Msingi. Namna ya Kuuzuia Mti wa Kumbukumbu Usife Kabla ya Kiongozi Aliyeupanda.

Mwenyekiti alikuwa Profesa Gervas Tumbulu, mtu mnene wa sauti na mfupi wa mengine yote. Siku moja aliwatangazia wasanifu kwamba Bodi inajenga Kituo chake cha Mafunzo Endelevu, na kwamba kitakaa kileleni mwa Kigugu. Miti yote ya kileleni itakatwa ili wanafunzi waone mandhari. Mahali pake zitapandwa nyasi laini kutoka ng'ambo ya bahari, na nyasi hizo zitamwagiliwa asubuhi na jioni, kiangazi na masika, bila kukoma.

Ukumbi ulipiga makofi. Asteria akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "maji ya kumwagilia, yakishatoka kwenye nyasi, yataelekea wapi? Maana chini ya pale kuna watu."

Profesa Tumbulu alikohoa. Akasema kwa masikitiko kwamba binti huyu ameuliza swali, na anayeuliza swali amedhihirisha mbele ya mashahidi kwamba kuna jambo halijui, na asiyejua hawezi kupewa alama ya ujuzi. Kanuni hiyo haikuwepo asubuhi, lakini mchana ilikuwepo. Asteria akakatwa alama moja. Mwaka ulipoisha alijikuta ana alama moja pungufu, na leseni yake ikafa bila kufufuka.

*

Kituo kilijengwa, kikazinduliwa, kikapigwa picha. Nyasi zilikuwa za kijani hata katika mwezi ambao mahindi yetu yalikuwa ya kahawia. Mwishoni mwa kiangazi, chini kidogo ya uzio wa Kituo, ardhi ikapasuka.

Ufa wenyewe haukutisha mwanzoni. Ulikata mteremko kuanzia upande wa zahanati mpaka karibu na korongo, na kuku walikuwa wakiuruka kwa kucheza. Asteria aliuona siku alipokwenda kumwona baba yake. Aliingiza fimbo ya mzee ndani, ikazama yote. Alipoitoa ilikuwa imelowa mpaka kwenye mpini, na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi.

Alimwambia baba yake ahame.

"Nihamie wapi?" Mzee Lugome alimuuliza. "Kwako ni chumba kimoja, na hii miguu yangu miwili siku hizi inajaza chumba. Halafu nikiondoka mimi, Mama Sikujua na wanawe wanane wanahamia wapi? Wewe umesomea maji. Yaambie yapite kwingine."

Na hilo ndilo lililokuwa linawezekana. Asteria alinieleza akiwa amekaa kibarazani kwangu, akichora kwa kidole kwenye vumbi la meza. Mfereji mmoja tu, unaokata mteremko juu ya ufa, usio na simenti wala mashine, wa kuyachukua maji kabla hayajaingia ardhini na kuyapeleka korongoni. Mtaa mzima ukishika majembe, ungemalizika kabla ya masika. Kilichokuwa kinatakiwa ni mchoro wenye muhuri wa msanifu mwenye leseni. Wenzake wenye leseni aliwaendea wote. Mmoja alimwambia kwamba kugonga muhuri kwenye mfereji ule ni kukiri kwamba kuna maji, na kukiri kwamba kuna maji ni kujibu swali ambalo Mwenyekiti alikwisha kulikataa.

Basi akaenda kwa Msajili wa Bodi, Bwana Haruni Kapalata. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamtolea pole ya ufa.

"Sasa, Bi. Asteria," alisema, "huo ufa umeuona wewe kama nani?"

"Kama nani vipi?"

"Kama umeuona kama msanifu, umefanya ukaguzi bila leseni, na itanibidi nikushitaki. Kama umeuona kama binti wa Mzee Lugome, hilo ni jambo la kifamilia, na Bodi haiingilii familia."

"Nimeuona kama binti."

"Vizuri. Binti anaruhusiwa kuogopa. Ila haruhusiwi kujua sababu."

Asteria aliomba basi apewe nafasi ya kuitafuta ile alama moja. Kapalata akafungua kalenda, akasema semina ya karibu ilikuwa ifanyike kileleni Kigugu, katika Kituo, ila kwa bahati mbaya imeahirishwa kwa sababu barabara ya kuelekea Kituo imepasuka.

Alipofika kwangu hakulia. Alikaa akitazama ng'ambo ya kijito, akasema, "Fundi, mimi nitakuja kuwa wazimu." Nilimwambia hapana.

*

Watu wa Kigugu Juu walianza kuchimba bila mchoro. Walichimba asubuhi moja tu. Askari wa kijani walikuja wakawabeba wanaume waliowakuta na majembe mkononi, pamoja na mpita njia mmoja aliyekuwa ameazimwa koleo ashike kidogo. Wakafukia kilichochimbwa na kushindilia kwa miguu huku wakiimba.

Siku chache baadaye alifariki bibi mmoja mzee sana wa mtaa ule, kifo cha heri, usingizini. Makaburi ya mjini yalikuwa yamejaa, kwa hiyo wenyewe waliamua kumzika kwenye shamba lao, juu ya nyumba, karibu na ule ufa. Vijana wakiwa kiunoni ndani ya shimo, askari wa kijani wakapita. Kila mtu aliganda. Askari waliona sanda, wakaona shehe, wakavua kofia. Mkubwa wao akasema, "Poleni wafiwa," wakateremka zao.

Mama Sikujua alikuwa amesimama pembeni ya shimo. Alikuwa mshona sare za shule, mjane, na katibu wa kamati ya mazishi ya mtaa, wadhifa alioushika kwa miaka bila mpinzani kwa sababu alikuwa hodari wa kuwakaripia wapishi. Aliwatazama askari wakiishia kwenye kona. Akalitazama shimo. Akamtazama Asteria, aliyekuwa upande wa pili na kanga yake ya msiba.

"Mwanangu," alisema, "hilo kaburi likirefushwa mpaka korongoni, lingekuwa bado ni kaburi?"

"Mama, hakuna maiti wa urefu huo."

"Wa urefu huo hayupo. Lakini wafupi tuko wengi."

Ndivyo mambo yalivyoanza, na sijawahi kuona mtaa ukiwa na misiba mingi kiasi kile bila mtu kufa. Kamati ya mazishi ilitoa sururu yake, majembe yake na turubai lake. Kila nyumba ilichimba kaburi lake, kaburi likiangalia kaburi, mstari mmoja uliokata mteremko kuelekea korongoni, na kati ya moja na jingine ukaachwa ukuta mwembamba wa udongo wa kubomolewa kwa teke mvua ikikaribia. Asteria hakuonyesha mahali pa kuchimba, kwani angefungwa. Alikuwa mfiwa. Alikwenda akilia taratibu kwenye mteremko, na pale alipozidiwa na majonzi akaketi, vijana walichomeka kigingi. Alinieleza baadaye kwamba machozi hayakuwa ya kuigiza.

Wanawake walikaa chini ya turubai kwa zamu, wakilia askari wanapopita na kuchambua mchele wakishapita. Makaburi yote, ya Waislamu na ya Wakristo, yalilala upande mmoja, jambo ambalo padri na shehe walilitazama pamoja, wakaamua kutazama kwingine. Kwenye kila kaburi Mama Sikujua alisimamisha ubao wenye jina la mkuu wa nyumba. La Mzee Lugome lilikuwa la mwisho, kwenye ukingo wa korongo. Mzee alibebwa kwenda kulikagua, akalalamika kwamba ni fupi.

"Miguu itakunjwa," Mama Sikujua alimwambia.

"Nimekaa reli miaka yangu yote nimekunja miguu. Nikifa nataka kunyoosha."

Wakalirefusha. Nilikuwapo, nilicheka mpaka nikashika mti. Kwa wiki ile Kigugu Juu palikuwa mahali pa furaha kuliko popote katika nchi yetu, na kama ungeniuliza ningekuambia tumeshinda.

*

Hakuna aliyetusaliti. Profesa Tumbulu mwenyewe, akiwa Kituoni anaonyesha wageni mandhari, alitazama chini akaona makaburi yamefuatana kama mabehewa. Akamtuma Msajili.

Kapalata alishuka na askari. Alisoma majina kwenye mbao. Akamkuta Mama Sikujua ameketi chini ya turubai, hai kabisa, na ubao wenye jina lake.

"Mama, wewe si ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mbona hujafa?"

"Nangoja zamu yangu, baba. Mimi ni katibu, siwezi kutangulia kabla ya wajumbe."

"Na kwa nini makaburi yote yamenyooka kwenda korongoni?"

"Tulikuwa tunapendana."

Nadhani Kapalata aliona kila kitu. Alisimama juu ya ufa, ambao sasa uliweza kumeza mguu, akatazama nyumba zilizokuwa chini yake, na uso wake ukabadilika. Aliporudi juu alikaa na Mwenyekiti muda mrefu. Kisha tukatangaziwa, kwa kipaza sauti, kutoka kileleni, kwa sauti ya Profesa mwenyewe.

Alisema Bodi inaheshimu mila. Alisema Bodi inalia na wanaolia. Lakini kaburi, ndugu wananchi, ni uhusiano kati ya shimo na marehemu, na shimo lisilo na marehemu ni shimo tu, na shimo ni mandhari. Kwa hiyo kila kaburi lisilo na mtu lifukiwe siku ileile. Wenye makaburi yenye watu wasibughudhiwe.

Askari walianza kufukia upande wa zahanati. Walikuwa wengi, na nyuma yao walikuja wengine wenye virungu. Watu waliburutwa kutoka kando ya makaburi yao. Mama Sikujua alimng'ang'ania askari mmoja mguuni mpaka alipopigwa mkononi. Mzee Lugome alitoka kwake kwa kutambaa, na wakati wanafukia hili na lile yeye alikuwa anavuta ile miguu kupanda mteremko, kwa hiyo alipofika lilikuwa limebaki la kwake peke yake. Alijitumbukiza ndani.

"Hili lina mtu," alisema.

Askari walimwita Msajili. Msajili alifunua kanuni, akazipitia, akasema kwa sauti ndogo kwamba tangazo limesema mtu, halikusema maiti. "Huyu anahesabika," alisema. Wakamwacha.

Halafu Kapalata alimvuta Asteria kando, akamwambia jambo. Kwa huruma ya Mwenyekiti, kesho kutakuwa na semina maalumu hotelini, mjini. Ina alama moja. Atakayeipata, leseni yake itafufuliwa palepale, na muhuri atakabidhiwa mkononi. "Nenda," alimwambia. "Nimeomba mwenyewe. Usiulize chochote, kaa tu mpaka mwisho, halafu urudi uchimbe huo mfereji wako kihalali, hata mimi nitakuja na jembe." Naamini alimaanisha.

Asteria alimsihi baba yake atoke shimoni, aje alale Ng'ambo, kwangu.

"Nikitoka wanafukia," mzee alisema. "Ukirudi na muhuri utakuta pa kuanzia. Nenda mwanangu, utachelewa."

Mama Sikujua akampelekea blanketi, kiti cha ukili, na redio niliyokuwa nimemtengenezea.

*

Semina hiyo niliisikia kwa Asteria mwenyewe, kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Mada ilikuwa Ukimya kama Nyenzo ya Taaluma. Profesa Tumbulu alianza baada ya chai, na kanuni ilisomwa mwanzoni: atakayetoka kabla ya makofi ya mwisho hatahesabiwa kuwa alihudhuria.

Adhuhuri wingu lilikaa juu ya mji. Masika yalikuja mapema. Asteria aliona tone la kwanza kwenye kioo cha dirisha, halafu kioo chote kikawa maji. Profesa alinyanyua sauti ili ashindane na bati. Alikuwa anaeleza kwamba msanifu bora ni yule ambaye ukitazama kazi yake hukumbuki kwamba kulikuwa na msanifu. Asteria alinyanyuka mara ya kwanza, akakaa. Akitoka atafika Kigugu bila leseni, na bila leseni ataweza tu kusimama na kutazama. Akikaa atafika na muhuri. Alinyanyuka tena, akakaa tena. Aliniambia kwamba alizishika pande mbili za kiti akahisi mbao zinamkata, na kwamba alikuwa anaomba kwa Mungu jambo moja, Profesa amalize. Profesa alikuwa bado kwenye utangulizi.

Mimi simlaumu. Anayemlaumu hajawahi kupungukiwa na alama moja.

Mimi nilikuwa kibarazani kwangu. Sitaki kulieleza hili lakini nitalieleza, kwa kuwa nililiona. Maji yalishuka kutoka kwenye zile nyasi kama yaliyomwagwa kwa makusudi. Yalipofika kwenye mstari wa makaburi yaliyofukiwa hayakupita juu. Udongo ule ulikuwa laini, ulikuwa umerudishwa jana yake, ukayanywa yote. Kwenye ncha ya korongo, pale penye kaburi moja lililobaki wazi, niliona maji yakimwagika kuelekea korongoni vizuri kabisa, kama Asteria alivyosema yatafanya. Mzee Lugome alikuwa amesimama pembeni yake kwa fimbo, ameshatoka ili maji yapite. Alikuwa anaelekeza kwa mkono kule juu, akiwaita watu waje waone.

Kisha ukingo wa ufa uliteremka. Nyumba hazikuanguka, zilitembea, zikiwa zimesimama, na moshi wa jikoni bado unatoka. Baada ya hapo hapakuwa na mtaa.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Hakuna aliyenisikia, mvua ilikuwa kubwa.

Asteria alifika jioni, amelowa chapachapa, na muhuri ameushika mkononi, bado umo ndani ya mfuko wake wa nailoni.

*

Maziko yalikuwa ya kitaifa. Profesa Tumbulu alihutubia. Alisema Bodi inapenda kuujulisha umma kwamba malalamiko yote dhidi ya makaburi ya Kigugu Juu yameondolewa, kwa kuwa sasa makaburi hayo yana wenyewe. Kwa kweli hayakutosha. Askari walewale walitusaidia kuchimba mengine, na walichimba vizuri, bila leseni, wengine wakilia. Mama Sikujua alisimamia yote kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa kwenye kitambaa. Alikuwa amekwenda zahanati ya mjini kufungwa huo mkono wakati mlima unashuka, na wanawe walimsindikiza. Mzee Lugome hatukumpata.

Asteria, msanifu mwenye leseni, aliwasilisha Bodi mchoro wa mfereji ukiwa na muhuri. Bodi ilimjibu kwa maandishi kwamba mchoro ni wa kupendeza na umezingatia viwango, ila mteremko unaokusudiwa haupo, hivyo unarudishwa. Sahihi ya Kapalata iliyumba.

Ndipo Profesa akatangaza kwamba Kituo cha Mafunzo, ambacho nacho kilikuwa kimepata nyufa, kitahamishiwa mahali salama zaidi. Alisema mahali hapo pana mandhari nzuri kuliko kule kwa kwanza, kwa kuwa kutoka hapo mtu ataiona Bustani ya Kumbukumbu itakayopandwa Kigugu Juu. Mahali penyewe ni kilele cha Kigugu Ng'ambo, juu ya nyumba yangu.

Asteria alinyanyuka kati ya waliohudhuria.

"Na maji," alisema, "yataelekea wapi?"

Alikatwa ile alama moja.

Wiki hii wameanza kukata miti. Asteria alikuja jana kunisalimu. Hana leseni, muhuri wameuchukua, kwa hiyo hakuniambia lolote. Alikunywa chai, akasema anataka kunyoosha miguu. Alitembea juu ya nyumba zetu akikata mteremko, taratibu, akisimama hapa na pale kama anayevuta pumzi, mpaka ukingo wa bonde. Kutembea bado hakuhitaji leseni. Nilikwenda nyuma yake na vijiti mfukoni, na kila aliposimama nilichomeka kimoja.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Mama Sikujua kuazima sururu ya kamati. Hakuniuliza ya nini. Aliniuliza urefu wangu.

Nimeanza kuchimba la kwangu, pale kwenye kijiti cha kwanza. Mke wangu anachimba la kwake mbele yangu, na jirani mwenye mbuzi ameshavua shati. Msajili akija akauliza kaburi hili ni la nani, nitamwambia ni langu, na sitakuwa nimemdanganya.